Vinia ya spika: Mbao zipo, fundi ndiye adimu

MTU anayetaka kujitengenezea spika jijini Dar es Salaam hakosi vifaa. Spika zenyewe huuzwa Kariakoo, mbao za MDF zipo madukani, na seremala wa kuunga boksi hatafutwi kwa tochi. Ugumu huanza boksi likishasimama, mwenyewe akataka livikwe vinia ya mninga au mtiki ili lifanane na samani za sebuleni.

Vinia ni karatasi ya mbao halisi, mara nyingi yenye unene wa takriban milimita 0.6. Faida yake kibiashara iko hapo. Gogo likikatwa kwa kisu cha kiwandani, unene wa inchi 1 hutoa karatasi kama 40. Wembamba huo huo ndio unaowashinda mafundi wengi.

Mafundi wa Keko wamejijengea jina kwa vitanda, makochi na makabati. Ubao mnene humsamehe fundi. Palipokosewa hupitishwa randa tena. Vinia haisamehe. Msasa ukizidi kidogo kwenye kona, MDF hutokeza, na upande mzima hubidi kurudiwa.

Gundi nayo ni mtihani. Gundi ya mpira, ile ya mafundi viatu, hushika papo hapo. Karatasi ikienda mshazari haisogezwi tena. Aidha, vanishi yenye kimiminika kikali inaweza kuilainisha, vinia ikavimba mapovu. Gundi nyeupe ya mbao humpa fundi muda wa kurekebisha, lakini inadai kubanwa vizuri mpaka ikauke. Kwa unyevu wa pwani, vinia na boksi vinapaswa kukaa pamoja karakanani siku kadhaa kabla ya kazi.

Nani atafutwe?

Chaguo la kwanza ni fundi wa makabati ya jikoni anayebandika fomaika. Huyo amezoea gundi, rola na kusawazisha kingo. Linalobaki ni kumuuliza kama anajua kupanga nyuzi za mbao zielekee upande mmoja, na kama hutoboa matundu ya spika kwa mashine ya ruta baada ya kubandika. Wanaosomea useremala katika vyuo vya VETA nao ni wa kuangaliwa, ilimradi waonyeshe kazi ya mikono yao.

Hesabu ya hasara

Chukua spika mbili, kila moja ikiwa na kimo cha inchi 36, upana 10 na kina 12. Ukiacha mgongo na kitako, zinahitaji takriban futi za mraba 19. Karatasi ya futi 8 kwa 4 ina futi 32, hivyo inaonekana inatosha na kusaza. Lakini nyuzi zikisimama wima, na kila kipande kikiongezwa inchi 1 ya kupunguzia, akiba inayobaki ni ya ubavu mmoja tu. Fundi akiharibu mbavu mbili, karatasi ya pili lazima inunuliwe.

Kwa hiyo mapatano yafanyike mapema: nani ananunua vinia, na ikiharibika nani analipa. Fundi abandike kwanza kipande cha majaribio juu ya kipande cha MDF, kiachwe kikauke, kisha kigongwe kwa ukucha. Sauti ikiwa ya uwazi, gundi haikushika. Malipo ya mwisho yasubiri boksi lenyewe lipite kipimo hicho.

Wenye mtaji mdogo wasichanganye mambo. Vinia inayomenywa Mafinga, hasa ya mikaratusi, ni ya kutengenezea plaiwudi, si ya mapambo. Nafasi iliyo wazi ni ya ufundi: rola, ruta, vibanio na kijana mwenye subira. Mkono huo huo unaovika spika unaweza kuvika milango, meza za ofisi na makabati. Atakayeanza na spika atakuwa anajifunza kwenye kazi ndogo, ambako kosa moja hugharimu karatasi moja.