Mkokoteni Hauna Breki: Dereva, Mpe Mwenzako Nafasi

Kabla ya jua kuchomoza, wavuta mikokoteni huwa tayari wako barabarani Eastlands, wakipeleka viazi, kabichi na mitungi ya maji mitaani. Hutumia Barabara ya Jogoo pamoja na matatu, malori na bodaboda.

Dereva aliye nyuma yao anafaa kujua kwamba mkokoteni hauna breki kama za gari. Ili kuusimamisha, mvutaji huinua vishikio vya mbele hadi kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kikwaruze lami. Ukiwa umesheheni, hasa kwenye mteremko, hausimami papo hapo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa mjini, hupita karibu mita 14 kila sekunde.

Kwa hivyo, dereva:
- Punguza mwendo mapema, hasa alfajiri na usiku.
- Usimpigie honi akiwa karibu, humshtua tu.
- Mpite kwa nafasi ya kutosha, na usimkatie mbele ghafla ili kubeba abiria.

Nawe mvutaji:
- Kaa kushoto na usiende kinyume cha magari.
- Usipakie mzigo usioweza kuuzuia mteremkoni.
- Vaa jaketi inayoakisi mwanga, na ubandike vibandiko vya aina hiyo nyuma ya mkokoteni.

Ukisubiri kidogo, utachelewa dakika moja. Usiposubiri, huenda familia moja ikampoteza anayeilisha. Ajali ikitokea, piga 999 au 112.