Maziwa ya Moto ya Magamba

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Lushoto, walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alimwona mwenzake akiwahi na maziwa ambayo hakuyachemsha. Akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kuwa naye huingiza ya moto, maana huganda upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa zima likamfanyia utani.

Hakunyamaza. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, kijana alisimama akauliza swali lilelile. Wenzake wakacheka, mgeni akaahidi kulijaribu. Majaribio ya chuoni kwa maji yakaonyesha jambo hilohilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo dunia huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Sababu yake ni nini? Zipo kadhaa zinazodhaniwa. Maji ya moto hutoa mvuke, ujazo ukapungua. Chombo cha moto huyeyusha barafu kilipokaa, kikagusana vizuri na ubaridi. Tena maji ya moto huzunguka: yenye joto hupanda juu na kupoteza joto usoni. Osborne alipofunika uso wa maji kwa mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza walipima upya wasiione athari hiyo, wakaonya kuwa tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto inaweza kudanganya. Mwaka 2020 watafiti nchini Kanada waliionyesha waziwazi, ila kwa chembe ndogo ndani ya maji, bila kugandisha chochote.

Mwanafunzi unayesoma, jaribu mwenyewe. Chukua vyombo viwili vinavyolingana, maji ya kipimo kimoja, vipimajoto katika kina kimoja. Rudia mara nyingi, uandike hata matokeo usiyoyapenda. Nawe mwalimu, swali likikushinda, usilicheke. Washa friji, mkapime pamoja.