Picha Inapokwama: Tulivyoinusuru Harusi ya Dada

Usiku wa Idi iliyopita tulikusanyika sebuleni, wakubwa kwa wadogo, kuitazama harusi ya dada yetu mkubwa kwenye kompyuta. Wengi wetu tulikuwa na hamu ya pahala pamoja tu: pale marehemu babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa walii kwa kuwa baba alikwisha kufariki, anapoushika mkono wa bwana harusi na kutamka akidi ya nikaha. Hatuna kanda nyingine yenye sauti yake. Kabla hata hajafungua kinywa, picha ikakwama. Sauti iliendelea kidogo, kisha nayo ikakatika, na kompyuta ikabaki kuvuma kama jiko la mafuta.

Fundi tuliyempelekea hakuuliza mengi. Alisema mashine imechoka, dawa yake ni kufutwa kila kilichomo na kuwekewa programu upya. Mama akamuuliza, "Na harusi je?" Akajibu, "Itafutika, mama." Mama akajitanda mtandio wake, akaikwapua kompyuta, tukarudi nyumbani.

Tunayaandika haya kwa ajili ya nyumba zitakazoambiwa maneno kama hayo.

Kabla ya kugusa chochote, tuliinakili faili ya harusi kwenye flashi mbili. Ilinakilika hadi mwisho bila ya kugoma, na hilo lilitupa matumaini, maana diski iliyoharibika mara nyingi hukatiza kazi hiyo katikati. Ndipo tukaitazama mara tatu, huku tukiandika dakika inayokwama. Mara ya kwanza ilikuwa dakika ya 9, ya pili ya 14, ya tatu ya 6. Video inayokwama pahala pale pale kila mara, shaka ielekezwe kwenye faili yenyewe, au kwenye sidii yenye mikwaruzo na alama za vidole. (Sidii husafishwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuizungusha.) Inayokwama ovyo ovyo, wa kushukiwa ni mashine.

Wenye kufuatilia darsa mtandaoni wana kipimo chao. Picha na sauti zikisimama kwa pamoja, na kiduara kikawa kinazunguka, lawama ni ya mtandao. Punguzeni ubora wa picha kutoka 1080 hadi 480 au 360. Uso wa sheikh utafifia kidogo lakini maneno yatafika, na bando litadumu zaidi. Kanda yetu ilikuwa ndani ya kompyuta, basi mtandao haukuwa na hatia.

Tulibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows hufunguka dirisha linaloonyesha ni programu ipi inayokula nguvu za mashine. Tukakuta michezo ya watoto na kurasa chungu nzima za intaneti zilizoachwa wazi tangu mchana. Tulizifunga zote. Nafuu ilikuwa ndogo.

Aliyetegua kitendawili ni mdogo wetu, alipoiinua kompyuta akaiachia kwa kuungua. Siku zote huwa tunaiweka juu ya godoro! Matundu yake ya kupumulia yako upande wa chini, na godoro huyaziba kabisa. Kompyuta ikishikwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na video, ambayo ni kazi nzito, ndiyo ya kwanza kuonyesha uchovu huo. Tuliizima, tukaichomoa kwenye umeme, tukayapangusa matundu kwa brashi laini. Vumbi lililotoka lilikuwa limeshikana kama sufi, na unyevunyevu wetu wa pwani bila shaka ulichangia.

Tukaiweka pia VLC, programu ya bure iliyoanza kama mradi wa wanafunzi nchini Ufaransa mwaka 1996, nayo hufungua aina nyingi za video bila ya kuhitaji nyongeza. Hata hivyo, video za baadhi ya simu mpya huweza kuishinda kompyuta kuukuu ingawa ni nzima. Simu hizo hurekodi kwa mtindo wa HEVC, uliotoka mwaka 2013, unaoibana picha sana ili isichukue nafasi, na kuifungua picha iliyobanwa hivyo kunataka nguvu. Programu ya bure iitwayo HandBrake huibadilisha ikawa ya mtindo wa zamani wa H.264. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, basi iachwe usiku.

Flashi moja tumeipeleka Lamu kwa shangazi, ya pili iko kabatini kwa mama.

Baada ya kuswali Magharibi tuliiweka kompyuta juu ya meza, tukakaa mkekani. Babu akaushika mkono wa bwana harusi, akaitamka akidi hadi mwisho, kisha akakohoa. Huko kukohoa tulikuwa tumekusahau. Mama akaomba irudishwe nyuma kidogo.