Klasi za Mikusanyo katika Utungaji wa Programu, pamoja na Mfano wa Orodha ya Maneno

Kitandililo ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, katika Mkoa wa Njombe ulioanzishwa mwaka 2012, nayo imo katika nchi ya Wabena. Zamani mtafiti aliyekwenda mahali kama hapo kukusanya maneno aliandika kila neno katika kadi yake, kisha akazipanga kadi hizo sandukuni. Sanduku lenyewe halikujua lolote. Aliyejua ni mwenye kulipanga. Yeye ndiye aliyeamua kama kadi mbili ni za neno moja au la, na kadi ipi itangulie ipi. Siku hizi kazi ya sanduku hufanywa na kompyuta, na maamuzi yale mawili, la usawa na la mpango, aghalabu huachiwa programu iliyotungwa na watu ambao hawakuwa na Kibena wala Kiswahili akilini. Madhara yake si madogo. Hesabu ya maneno huzidi au hupungua bila ya mtu kutambua, na neno lililokwisha kuandikwa huweza kutafutwa lisionekane. Dawa ya jambo hili ni mtungaji wa programu kujitengenezea klasi yake ya mkusanyo, na hapa yaelezwa jinsi kazi hiyo ifanyikavyo.

Kwanza yafaa kueleza maneno yenyewe. Katika utungaji wa programu wa namna inayohusika, habari na amri zihusuzo habari hizo hufungwa pamoja katika umbo moja liitwalo kitu. Vitu vya namna moja hutokana na kielelezo kimoja, nacho ndicho klasi. Njia hii ilianzia Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula 67, ikaendelezwa katika miaka ya 1970 na wataalamu wa Xerox huko Palo Alto, California, waliotunga Smalltalk. Neno "ngeli" lingalifaa sana mahali pa "klasi", kwa kuwa ngeli ya nomino nayo huamuru viambishi ambavyo kila mwanachama wake hupatana navyo. Lakini katika mfano utakaofuata ngeli za sarufi zatajwa mara kwa mara, na msomaji angechanganyikiwa.

Mkusanyo, basi, ni kitu ambacho kazi yake ni kushika vitu vingine. Lugha za programu za leo huja na mikusanyo iliyo tayari. Iko orodha, ambayo hufuata zamu ya kuingizwa na hukubali neno moja mara mbili. Iko seti, ambayo haikubali marudio. Iko pia namna ya mkusanyo ambamo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake, kama vile maana ya neno hutafutwa kwa neno lenyewe. Hizi zatosha kwa kazi nyingi. Kwa maneno ya lugha zetu hazitoshi, na sababu zake ni za wazi.

Chukuliwe neno ng'ombe. Mwandishi mmoja hulipiga kwa alama iliyonyoka, ambayo namba yake katika mpango wa kimataifa wa herufi ni 39. Mwingine hutumia programu ya uandishi ambayo hubadilisha alama hiyo kuwa iliyopinda, namba 8217. Wa tatu, aliyefundishwa kwamba alama hii ni sehemu ya herufi wala si alama ya kituo, hutumia ile yenye namba 700. Machoni pa msomaji maneno hayo matatu ni mamoja. Kwa kompyuta ni matatu, na seti iliyo tayari itayapokea yote bila ya kunung'unika. Mtu akiuliza orodha yake ina maneno mangapi yenye ng', jibu atakalopata ni la uongo.

Mpango nao una taabu zake. Kompyuta isipoelekezwa vingine hupanga kwa namba za herufi. Herufi kubwa zote zina namba ndogo kuliko herufi ndogo: N ni 78 na a ni 97, kwa hiyo Njombe itatangulia asali. Alama iliyonyoka ina namba ndogo kuliko herufi yo yote, basi ng'ombe atatangulia ngalawa. Lakini akiandikwa kwa alama iliyopinda atatupwa nyuma ya maneno yote yaanzayo na ng. Katika Kibena taabu ni kubwa zaidi, kwa sababu nomino zake huweza kutanguliwa na irabu ya mwanzo. Mtu mmoja ni umunu, watu ni avanu. Mkusanyaji akiandika kama asikiavyo, nomino zake zitarundikana chini ya herufi a, i na u, na orodha ya alfabeti haitamsaidia mtu kupata neno.

Dawa ambayo hufikiriwa upesi ni kukata viambishi na kupanga kwa mizizi. Hiyo peke yake ni hatari. Katika Kiswahili mti na kiti, vikikatwa viambishi, vyote hubaki -ti. Mtu na kitu hubaki -tu. Mkusanyo ambao ufunguo wake ni mzizi tu utaona kiti kimekwisha kuwamo na kukikataa, ilhali kilichomo ni mti. Kwa hiyo ufunguo hauna budi kuwa mzizi pamoja na jozi ya ngeli: -ti ya m-/mi- mbali, -ti ya ki-/vi- mbali. Katika Kibena jozi inayolingana na ki-/vi- ni hi-/fi-, na mtungaji ataiandika katika jedwali la lugha hiyo, si katika mwili wa programu, ili klasi ile ile ipate kutumika kwa lugha zaidi ya moja. Ufunguo wa namna hii hutenga pia kaa wa pwani na kaa la moto, na paa wa mwituni na paa la nyumba, ingawa maandishi yao ni mamoja. Mbuzi wa kufugwa na mbuzi ya kukunia nazi hautawatenga, maana umbo la nomino ni moja na tofauti huonekana katika upatanisho tu. Hapo yapasa kuongeza namba, kama kamusi zifanyavyo, na namba hiyo itolewe na mtu.

Baada ya kuamua hayo, mtungaji hukutana na njia panda. Aweza kuifanya klasi yake mtoto wa klasi iliyo tayari, iirithi amri zake zote, kisha abadilishe chache. Au aweza kutunga klasi inayojitegemea ambayo ndani yake imebeba orodha au seti ya kawaida, na amri zote kutoka nje zipite kwanza mikononi mwake. Njia ya kwanza ni fupi na huvutia. Ya pili ndiyo salama, na wengi huijua thamani yake baada ya kuumia.

Tuseme mtungaji amerithi seti ya Java iitwayo HashSet, na kwa kuwa ataka kujua maneno yameletwa mara ngapi, amebadilisha amri ya kuongeza neno moja ili ihesabu moja, na amri ya kuongeza maneno mengi kwa pamoja ili ihesabu idadi yao. Mkusanyaji aleta maneno 40 kwa mara moja. Programu yasema 80. Sababu ni kwamba amri ya kuongeza mengi, ndani yake, huita amri ya kuongeza moja kwa kila neno; basi kila neno limehesabiwa mara mbili. Joshua Bloch, aliyebuni maktaba ya mikusanyo ya Java, alilieleza kosa la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2001. Ubaya wake ni kuwa mtungaji hakukosea katika mistari yake mwenyewe. Amekosea kwa kutojua jinsi mzazi anavyofanya kazi ndani, jambo ambalo mzazi hakuahidi kulitangaza wala kutolibadilisha. Katika Python kosa lageuka upande wa pili. Mtu akirithi kamusi ya lugha hiyo na kubadilisha amri ya kuweka neno ili isawazishe alama za ng', amri ya kuweka maneno mengi haiipitii kabisa. Maneno huingia kwa mlango wa nyuma, yakiwa na alama zao tatu. Watunzi wa Python wameweka klasi nyingine, UserDict, kwa ajili ya wale watakao kubadilisha tabia ya kamusi.

Maktaba ya Java yenyewe haikusalimika. Klasi yake ya Properties ilikusudiwa kushika maneno matupu, ufunguo na thamani, lakini ilifanywa mtoto wa Hashtable, ambayo hupokea kitu cho chote. Mtu akitumia amri aliyoirithi aweza kuingiza humo kitu kisicho neno, na programu haitalalamika mpaka siku ya kuhifadhi, ndipo ikwame. Kosa hilo limebaki, kwa sababu programu nyingi mno zilikwisha kuitegemea klasi hiyo.

Kanuni ya kuamua ilitolewa na Barbara Liskov mwaka 1987: kitu cha klasi ya mtoto kiweze kutumika mahali po pote palipotarajiwa kitu cha mzazi, na programu isiharibike. Orodha huahidi kwamba ukiongeza neno, idadi huzidi kwa moja. Mkusanyo wa maneno usiokubali marudio hauwezi kutimiza ahadi hiyo; basi si mtoto wa orodha, hata kama ndani yake umebeba orodha. Kubeba nako kuna sharti lake, ambalo husahauliwa mara nyingi: orodha ya ndani isitolewe nje. Mtungaji anayeikabidhi kwa kila anayeiomba amejenga ukuta wenye lango na mlinzi, kisha akatoboa shimo ubavuni.

Upo mtego mwingine ambao yafaa kukaa nao kitambo. Seti na mikusanyo ya ufunguo mara nyingi hupata upesi wake kwa kugawanya vitu katika vyumba, kama masanduku ya posta. Kutokana na ufunguo hufanywa hesabu inayotoa namba ya chumba, na wakati wa kutafuta kompyuta hukiendea chumba hicho tu. Basi yatokea sheria isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: vitu viwili vinavyohesabiwa kuwa sawa lazima vitoe namba moja. Mtungaji aliyeamua kwamba alama tatu za ng' ni moja, akaandika hivyo katika amri ya usawa bila ya kugusa hesabu ya vyumba, ameacha ng'ombe wake katika vyumba mbalimbali, wasikutane kamwe. Na tena, ufunguo ukisha kuwekwa usibadilike. Tuseme jina la mahali liliandikwa Kitandiliro kwa kosa la sikio, likawekwa. Baada ya mwezi mtafiti alisahihisha lile lile lililomo, l mahali pa r. Akitafuta Kitandililo, kompyuta huenda chumba kipya na kukikuta kitupu. Akitafuta Kitandiliro, huenda chumba cha zamani, ikalikuta jina, ikaona si hilo lililoulizwa. Jina limo, huonekana orodha nzima ikichapwa, na halipatikani kwa kuulizwa. Wapo waliokesha juu ya kosa hili. Usahihishaji wa kweli ni kuondoa la zamani na kuingiza jipya.

Huenda msomaji akadhani kazi ni kubwa. Sivyo. Tangu toleo la mwaka 1998 Java imekuwa na klasi za mifupa: atakaye orodha isiyobadilishwa huandika amri mbili tu, ya kutoa kitu cha nafasi fulani na ya kutaja idadi, na zilizobaki hujengwa juu ya hizo. Katika Python mkusanyo wa ufunguo unaobadilika huhitaji amri tano: kutoa, kuweka, kufuta, kupita kimoja kimoja na kuhesabu. Usawazishaji wa herufi huwekwa katika tatu za kwanza, mlangoni, na hakuna njia nyingine ya kuingilia.

Faida moja ya klasi ya namna hii itawagusa hasa watunga kamusi. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson, maneno mengi yaliyotokana na vitenzi yaliwekwa chini ya kitenzi cha asili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimpa mpishi mahali pake katika M. Kila mpango una watetezi wake, na wa kwanza hufundisha zaidi ingawa wa pili hutafutwa kwa haraka. Sanduku la kadi lililazimisha kuchagua mmoja. Mkusanyo waweza kushika maneno mara moja tu na kutoa njia mbili za kuyapitia, moja kwa mizizi na moja kwa herufi, pasipo nakala ya pili ambayo ingesahauliwa wakati wa kusahihisha.

Swali linalobaki ni kama mpango utunzwe daima au ufanywe unapotakiwa. Kwa maneno 3,000 ya kata moja haidhuru. Orodha iliyopangwa hutafutwa kwa kuigawa nusu kwa nusu, na maneno 3,000 yahitaji ulinganishi 12 tu kwa wingi. Hata yasipopangwa, kompyuta itayapitia yote kabla mtu hajainua kidole. Penye hazina ya maandishi kama ile ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno milioni 25 hivi katika toleo lake la pili, kugawa nusu kwa nusu bado ni ulinganishi 25, lakini kupanga upya kila neno moja linapoingia hakuvumiliki. Hapo mtungaji huingiza maneno yote kwanza na kupanga mara moja mwishoni, na wale watakaoitumia klasi hiyo hawahitaji kuandika upya hata mstari mmoja.