Ngozi Haitaki Moto: Utunzaji wa Viatu, Mishipi na Ala kwa Nta na Mafuta ya Nyumbani

Wakulima wa Kilwa na Lindi, masika yanapokwisha wengi wetu hutoa vitu vyetu vya ngozi pembeni mwa nyumba tukavikuta vimeota koga, au vimekauka hata kupasuka. Makubadhi yamekatika gidamu, mshipi umevunjika penye bizimu, ala ya kisu imefumuka. Mwenyewe husema, "Ngozi ilikuwa mbovu," kisha hutoa fedha za ufuta wake kununua kitu kipya. Lakini mara nyingi ngozi haikuwa mbovu, ilikosa kutunzwa.

Nami nimepata kukosa vivyo hivyo. Masika moja nilirudi kutoka kutazama mashamba ya ufuta nyuma ya Kilwa Kivinje, viatu vyangu vimelowa chapachapa. Nikaviweka karibu na mafiga, nikalala. Asubuhi vilikuwa vigumu kama ubao, na nilipovivaa vikapasuka penye mkunjo wa vidole. Viatu vile vingalinifaa miaka mingi. Vikaharibika kwa usiku mmoja.

Kosa hili lina asili yake. Hapa kwetu twaona wapiga ngoma wakiota ngoma zao motoni ili zilie vizuri, wala haziharibiki upesi. Lakini ngozi ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu, na moto huitoa unyevu ikakaza. Ngozi ya kiatu ni nyingine. Imetengenezwa kwa dawa, kisha ikatiwa mafuta ili vitembwe vyake viteleze kila inapokunjwa. Maji mengi huyatoa mafuta hayo, na moto au jua kali huvikunja vitembwe vilivyolowa, visirudi tena katika hali yake. Kwa sababu hiyo hiyo usiipake ngoma mafuta: italegea na sauti yake itapotea.

Pwani yetu haikuwa nchi ya ng'ombe, kwani mbung'o walikuwa wengi; wafugaji wengi walifika Kilwa na Lindi katika mwaka 2006 na 2007, walipohamishwa kutoka bonde la Usangu. Basi si ajabu kwamba desturi ya kutunza ngozi haikuenea kwetu kama kwa watu wa ng'ombe. Hata hivyo dawa zake tunazo nyumbani: ufuta shambani, nazi mitini, na nta katika mizinga.

KUSAFISHA. Kwanza ondoa vumbi na matope kwa kitambaa kikavu. Kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kwa maji yasiyo ya chumvi, hasa ikiwa umepita ufukoni, maana chumvi huvuta unyevu na kuacha madoa meupe. Sabuni ikihitajiwa, tumia povu kidogo tu. Usisugue kwa majivu wala kwa magadi: majivu na chokaa ndivyo vitu ambavyo watengenezaji wa ngozi hutumia kulegeza manyoya, na vitadhoofisha ngozi yako pia. Ikiwa kuna koga, ifutie nje ya nyumba, kisha pitisha kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa.

KUKAUSHA. Weka kitu kivulini penye upepo. Jaza kiatu karatasi au matambara makavu ili kisipoteze umbo, na uyabadili yakilowa. Hata ikichukua siku mbili au tatu, subiri.

KUTENGENEZA DAWA. Chemsha masega matupu katika maji, chuja kwa kitambaa, uache yapoe; nta itaganda juu. Pima nta sehemu 1 na mafuta ya ufuta sehemu 3. Tia vyote katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi, kwa hiyo maji yanatosha. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, kwani nta na mafuta huweza kuwaka. Koroga, kisha mimina katika kopo lenye kifuniko. Kama huna ufuta, tumia mafuta ya nazi, lakini yapikwe hata maji yote yaishe, maana yakibaki na maji yatachacha na kunuka.

KUPAKA. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa mafuta huitia ngozi weusi kidogo. Chukua dawa kidogo kwa kitambaa, paka hafifu, acha usiku mmoja, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Usizidishe: ngozi iliyoshiba mafuta hulegea, hushika vumbi na huwaita panya. Ngozi yenye manyoyamanyoya usiipake kabisa. Na mishipi mingi ya sokoni siku hizi si ngozi. Tazama upande wa ndani na ukingoni, ukiona kitambaa au mpira badala ya vitembwe, dawa hii haitaingia.

ALA ZA VISU NA MAPANGA. Hapa pana hatari ya mwili pia, kwani ala iliyopasuka huachia makali, nayo hukata paja la mwenye kuvaa. Usirudishe panga lililolowa katika ala. Ngozi nyingi za ala hutengenezwa kwa dawa ya magome ya miti. Zamani za Wajerumani magome ya mikoko yalichukuliwa kutoka Rufiji na pwani hii kwa kazi hiyo. Dawa hiyo ikikutana na chuma na maji hugeuka nyeusi. Chuma hushika kutu na ngozi huoza. Futa panga, lipake mafuta kidogo, ndipo ulirudishe.

KUWEKA. Usifungie ngozi ndani ya sanduku wakati wa masika, wala usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe na chokaa wenye unyevu. Itundike penye hewa, uitazame kila juma.

Kopo moja dogo la dawa hii latosha nyumba nzima kwa masika yote. Litengenezeni sasa, kabla mvua hazijaanza, kwani ngozi ikiisha kupasuka hakuna mafuta yatakayoiunga tena.