Matembezi Yenye Faida: Siku Moja Penye Roketi za Florida

Haipasi siku za likizo zipite bure. Watoto wahitaji kucheza na kupunga hewa, na wazazi wahitaji kupumzika. Lakini yako matembezi yakusanyayo furaha na elimu pamoja. Kwa jamaa zetu wakaao Marekani, na kwa kila ambaye safari itamfikisha huko, twapenda kutaja mahali pamoja pa namna hiyo: kituo cha wageni cha Kennedy Space Center, pwani ya mashariki ya Florida, mwendo wa saa moja hivi kwa motokaa kutoka Orlando. Ni katika pwani hiyo walikoondokea, tarehe 16 Julai 1969, watu wa kwanza kukanyaga mwezi.

Karibu na mlango ipo bustani ya roketi, zimesimama wima kama minazi. Miongoni mwake imo Atlas, ya aina ile iliyomchukua John Glenn tarehe 20 Februari 1962 akaizunguka dunia mara tatu. Hapo mzazi amwambie mwanawe jambo hili: katika safari ile Glenn alizungumza kwa redio na kituo kilichokuwa kisiwani Unguja. Kilikuwa kimoja katika vituo vilivyotawanywa duniani ili mwendo wa chombo usipate kupotea, na kilifungwa mwaka 1964. Basi mtoto wa pwani asidhani kwamba habari hizi ni za wengine tu, yeye hazimhusu.

Kisha mabasi huwachukua wageni hadi jumba la Saturn V, roketi ya safari za mwezini. Imelazwa ubavuni, na urefu wake wakaribia mita 111. Mtu huitembelea toka mkia hata kichwa kama atembeaye mtaa mzima. Wengi hustaajabia ukubwa wake wakawasahau watu waliofanya kazi nyuma yake. Mmoja wao ni Farouk El-Baz, mwanajiolojia wa Misri, aliyekuwa katibu wa kamati ya kuchagua mahali pa kutua mwezini, na aliyewafundisha wanaanga namna ya kuutazama mwezi na kuupiga picha. Ramani na darasa zilitangulia; moto na kishindo vilifuata baadaye.

Katika jumba jingine kimo chombo chenyewe Atlantis, kilichosafiri mara 33 baina ya 1985 na 2011. Kimeinamishwa ubavu, milango ya mgongoni wazi, kana kwamba kingali kikiruka. Chombo mwenzake, Discovery, ndicho kilichomchukua kutoka hapa Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia, Mwarabu wa kwanza kwenda angani, mwezi wa Juni 1985. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, na sikukuu ya Idi ikamkuta huko huko.

Hapana shaka vijana watauliza: huko jua huchomoza na kutua mara 16 kwa siku moja, je, mtu asali vipi? Swali hili si la mzaha. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda angani katika Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walimtungia mwongozo. Siku ihesabiwe kwa saa 24, sala ziwe tano, na nyakati zifuate mahali alipoondokea. Na kibla aielekee kadiri awezavyo. Tazama jinsi ibada ilivyokuwa nyepesi kwa mwenye elimu na mwenye nia.

Lakini msiondoke katika jumba hilo kabla ya kupita kwa utulivu mahali pa kuwakumbuka waliokufa. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuondoka, wakafa watu saba. Usiku wa kuamkia safari, baadhi ya wahandisi walionya kwamba baridi ingeidhuru mipira ya kuzibia maungio ya roketi. Wakubwa wakaamua safari iendelee. Mwaka 2003 Columbia nayo ikapotea ikirejea, na watu saba wengine. Hili ndilo somo zito kuliko mengine yote ya siku hiyo. Elimu ilikuwapo, na onyo lilikuwapo. Kilichokosekana ni kusikiliza. Mtu aliyepewa madaraka amebeba amana ya roho za watu, na ashaurikaye hulinda amana yake. Kijana ayashike haya, awe atakuwa mhandisi, daktari au nahodha.

Ama kwa matayarisho: fikeni mapema, milango ifunguliwapo, kwani mambo ni mengi na siku haitoshi. Jua la Florida ni kali, na mvua za alasiri katika kiangazi chao ni za ghafla. Chukueni kofia na maji. Ulizieni chakula kabla ya kununua. Pangeni mapema wakati wa sala, mtafute pahali patulivu pasipozuia njia ya watu.

Zaidi ya hayo, kila mtoto apewe swali moja la kulitafutia jawabu mchana huo. Usiku, baada ya chakula, aliyepata aeleze, na mkubwa asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza.