Fedha ya Safari na Yale Yasiyoandikwa Daftarini

Hapa kwetu Alunguli kuna jamaa moja ya Kikristu ambayo nitaieleza leo bila kuitaja jina, kwa kuwa baba wa jamaa hiyo amenipa ruhusa ya kusimulia habari yake, lakini si ya kumtaja. Yeye ni fundi wa cherehani, na mkewe huuza mchele sokoni. Katika mwaka 2018 walisafiri pamoja na watoto wao wawili, binti wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka saba, kwenda kuhiji Kibeho katika nchi ya Rwanda, kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Safari hiyo ilikuwa nadhiri. Mvulana alikuwa ameugua vibaya miaka miwili kabla yake, na mama alikuwa ameahidi mbele ya Mungu kwamba, mtoto akipona, watakwenda wote wanne kumshukuru Mama wa Mateso mahali pale pale.

Kibeho ni kijiji cha milimani, kusini mwa Rwanda, katika jimbo la Gikongoro. Huko, kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, wanafunzi wa shule ya wasichana walisema kwamba wametokewa na Bikira Maria. Na tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago alitangaza kwamba matokeo ya watatu kati yao, yaani Alphonsine Mumureke, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, yanastahili kusadikiwa. Tangu hapo mahujaji wa Kongo hawakukoma kwenda, hasa mwezi wa Agosti shule zinapokuwa zimefungwa.

Mimi ndimi niliyewapigia hesabu ya safari. Baba alikuja kwangu jioni moja na daftari la shule la binti yake, tukaketi karibu na taa, nami nikafanya kazi ile kwa majivuno ya mwalimu, hata nikamkumbusha mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14. Tiketi za ndege kutoka Kindu hadi Goma, kwenda na kurudi, zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa akiba ya miaka mitatu. Zilibaki dola 300. Tukaandika: karatasi za mpaka na picha, dola 40, nauli za motokari ndani ya Rwanda, 50, malazi, 60, chakula, 70, sadaka, rozari na zawadi za ndugu, 50. Zikabaki dola 30, nami nikaandika chini kwa mwandiko mzuri: “mengineyo”. Sehemu ya kumi, nikasema, kama zaka, yatosha.

Mkewe hatukumwita. Alikuwa nje akipepeta mchele.

Sasa sikilizeni yaliyowapata. Ninyi mnaokaa Alunguli mnajua kwamba uwanja wa ndege uko ng’ambo, nasi tuko ukingo wa kuume wa mto, bila daraja. Siku ya safari walivuka kwa mtumbwi alfajiri na mizigo yao yote, wakapanda pikipiki hadi uwanjani, wakangoja mpaka jua likaelekea kuzama. Ndege haikuja. Wakarudi nyumbani, kesho yake wakavuka tena. Dola 6 zilikwenda kabla hawajaiacha Kindu.

Huko Goma baba alitoa noti ya dola 50 ili abadilishe. Katika kukunjwa-kunjwa ndani ya kisanduku cha rozari ilikuwa imechanika ukingoni, mpasuko usiozidi upana wa ukucha. Kila mtu wa Kongo anajua noti ya namna hiyo inavyotazamwa. Wabadilishaji watatu waliikataa, wa nne akaipokea kwa thamani ya dola 40. Hapo hakuna wa kulaumiwa ila aliyeikunja.

Wakapata hati ya mpakani ya CEPGL, ule umoja wa Kongo, Rwanda na Burundi ulioanzishwa mwaka 1976, wakaenda mpakani wakiwa na furaha. Lakini kumbukeni siku zile zilikuwa siku gani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilikuwa imetangaza kwamba Ebola imezuka upande wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Mpakani kila mtu alinawa mikono na kupimwa joto la mwili. Mama alipita, binti akapita. Mvulana akaonekana ana homa.

Hebu fikirini hofu ya wazazi hao: mtoto waliyemletea nadhiri ndiye anayezuiwa, na watu wa pembeni wanajitenga nao. Walipelekwa kwenye kituo cha afya, damu ikachunguzwa, ikaonekana ni malaria tu, bila shaka aliyotoka nayo hapa mtoni. Namshukuru Mungu, na nawashukuru waganga wale, kwa kuwa walifanya lililowapasa. Lakini uchunguzi, dawa, pikipiki za kwenda na kurudi, na chumba cha Goma kilichokuwa ghali kuliko tulivyokadiria, vilikula dola 42.

Baba alipiga hesabu usiku ule akaona kwamba “mengineyo” yamekwisha na mengine juu yake. Hakumwambia mkewe. Aliponieleza jambo hili baadaye alisema, “Mwalimu, sikutaka asononeke.” Nadhani kulikuwa na kitu kingine pia, ambacho sisi wanaume tunakijua: mwenye kushika mfuko hapendi kuonekana umemtoboka mkononi.

Asubuhi ya tarehe 14 homa ilikuwa imeshuka, wakapita. Ng’ambo ya mpaka waliikuta nchi yenye desturi nyingine. Mama alikuwa amefunga nguo na mchele wa njiani katika mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008, basi ikaachwa pale pale, na mifuko ya kitambaa ikanunuliwa kwa dola 4. Kwetu pikipiki moja huchukua baba, mama na watoto, na tukitaka hata mbuzi. Kule pikipiki huchukua abiria mmoja tu, naye avae kofia ngumu kichwani. Wakahitaji pikipiki nne, kwenda na kurudi, dola 4 zaidi. Katika motokari nilikuwa nimeandika kwamba mvulana atapakatwa na binti atalipa nusu. Lakini abiria alihesabiwa kwa kiti, na kila mtoto alikuwa na kiti chake: dola 16 za ziada kwa safari nzima. Mambo haya yote yangaliweza kujulikana kabla. Hayakuwa siri. Ilitosha kumtafuta Mkristu mmoja aliyekwisha kufika Kibeho na kumwuliza kwa saa moja, nasi hatukumtafuta, kwa kuwa tulidhani hesabu ni jambo la kalamu.

Kutoka Gisenyi walikwenda hadi Kigali, kutoka Kigali hadi Huye, mji ambao zamani uliitwa Butare, na mwisho wakapanda kwa njia ya vumbi mpaka Kibeho, jua likiwa limekwisha kuzama. Vyumba vilikuwa vimejaa. Mahujaji kwa maelfu walikuwa wamejilaza nje wakisali na kuimba, nao wakaungana nao. Sasa, Kindu iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nasi tunalala kwa jasho hata bila shuka; Kibeho iko juu ya mita 1,700, na usiku wa Agosti baridi yake huingia mpaka mifupani. Mvulana alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika homa. Mama alikuwa amenunua kule Huye, kwa kushikilia sana, sweta mbili na blanketi moja la mtumba, dola 14, na mumewe alikuwa amenung’unika. Usiku ule hakunung’unika tena.

Lakini pale ndipo aliposhindwa kuvumilia. Alijitenga, akahesabu kwa mwanga wa mshumaa: dola 96 zimetumika nje ya hesabu, na akiba ilikuwa 30. Akamwendea hujaji mmoja wa Bukavu waliyefahamiana njiani, ili amwombe mkopo wa dola 50. Alitaka zawadi za ndugu zinunuliwe kama ilivyoandikwa, asije akarudi Alunguli mikono mitupu na watu wakasema. Mkewe alimwona, akamfuata.

“Baba, unatafuta nini kwa yule bwana?”

Akakaa kimya kitambo, kisha akamwambia yote. Mama hakulia wala hakugomba. Alikaa chini, akafumua pindo la kitenge chake kwa meno, akatoa dola 40 zilizokunjwa katika kipande cha karatasi kavu.

“Ni za likelemba yetu ya sokoni. Nilipokea zamu yangu mwezi wa Juni.”

“Mbona ulinificha?”

“Na wewe, mbona ulinificha?”

Maneno hayo mawili baba aliniambia mwenyewe, akicheka, lakini aliniambia pia kwamba usiku ule hayakumchekesha. Kisha wakafanya pamoja hesabu ambayo ingalipasa kufanywa tangu Alunguli. Dola 66 zilikuwa zimepungua. Wakakata zawadi: badala ya 50, zikabaki 10 kwa sadaka na rozari moja ya Mateso Saba, na ndugu wangepelekewa maji ya baraka na sala. Chumba cha usiku ule, dola 12, hawakukilipa kwa sababu walilala nje. Zikabaki dola 14 za kutoa katika pindo la mama. Nauli ya kurudi na chakula cha watoto havikuguswa, na hujaji wa Bukavu hakuombwa kitu.

Tazameni, dola 14 tu! Kwa ajili yake mtu alikuwa tayari kujitia deni la 50 katika nchi ya kigeni, kwa kuwa alihesabu peke yake gizani. Nami najilaumu kuliko yeye. Mwanamke anayebeba mchele kutoka shambani hadi sokoni anajua kwamba katika kila mizigo kumi kuna gunia moja litakalopasuka na mvua moja itakayonyesha. Anajua pia mtoto yupi hupata homa akibadilisha hewa. Sisi tulikuwa na kalamu na Injili ya Luka, tukamwacha nje na ungo wake. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi mara ya kwanza bila mfuko, lakini usiku wa karamu ya mwisho aliwaambia kwamba mwenye mfuko na auchukue. Wengine hukumbuka lile la kwanza tu, wakaita uvivu wa kuhesabu imani.

Siku hizi watu wakinijia na daftari, namwita kwanza mama wa nyumba. Kisha naweka kando theluthi moja ya fedha kabla ya kuandika lo lote, kwa safari yenye mpaka na watoto. Wakilalamika kwamba zilizobaki hazitoshi, nawaambia wangoje mwaka mwingine. Nauli ya kurudi inafungwa peke yake, mahali tofauti, na wote wawili wanajua ilipo. Zawadi naziandika mwisho, kwa penseli.

Njia waliyoipita siyo ya leo. Waasi wa M23 waliichukua Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, na wengi wetu tuna ndugu huko ambao twawasikia kwa shida. Hata hivyo mama anaendelea na likelemba yake, wala hasemi ni ya nini.

Walirudi siku iliyopangwa. Mwenye mtumbwi aliwavusha jioni, akakataa fedha yao aliposikia walikotoka, akaomba tone la maji ya Kibeho kwa mkewe aliyekuwa mjamzito. Mvulana sasa ni kijana anayenipita urefu. Sweta ile ya Huye haimwingii tena. Ameivaa mdogo wake aliyezaliwa baadaye, na asubuhi za mvua ninamwona akipita nayo mbele ya darasa langu, mikono yake imekunjwa mara mbili.